Mvinyo mwekundu mchanga na uliokomaa kwenye meza moja: jozi tatu mbele ya bega la kondoo

Ukiwa na uwezo wa kununua chupa mbili tu kwa ajili ya chakula kimoja cha jioni, chukua Rioja, mvinyo wa Uhispania: moja changa, ya mwaka mmoja au miwili, na nyingine ya daraja la Gran Reserva, yaani iliyokomazwa miaka mingi kabla ya kuuzwa. Kati ya jozi tatu tunazozipitia hapa, hiyo ndiyo inayoonyesha waziwazi kazi ya umri, na ndiyo inayovumilia makosa ya mpishi. Nebbiolo, zabibu ya Piemonte, Italia, hufika juu zaidi ikikutana na chakula chake, ila inadai subira na maandalizi. Bordeaux ya Ufaransa imeshika nafasi ya tatu. Si mvinyo duni, lakini chupa zake nyingi zinazouzwa kama zilizokomaa ziko katikati ya safari: tunda la ujana limeshaondoka na harufu za utu uzima hazijafika.

Chakula ni kilekile kwa jozi zote: bega la kondoo lililookwa polepole, uyoga wa kukaangwa kwa siagi, na viazi vya kuponda. Ukibadilisha chakula kila mara hutajua kama tofauti uliyoihisi imetoka kwenye chupa au kwenye sahani. Na jozi moja kwa mlo mmoja inatosha. Chupa sita kwenye meza ya watu sita ni nyingi mno, na kufikia ya nne hakuna anayeonja tena, watu wanakunywa tu.

Umri unabadilisha nini

Rangi ya mvinyo mwekundu na sehemu kubwa ya ukakasi wake hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ukakasi huo ni wa tanini, ambazo hushikana na protini za mate na kuyaondolea utelezi. Ulimi na fizi hukauka kama umetafuna ndizi mbichi. Mvinyo ukikaa miaka ndani ya chupa, tanini na chembe za rangi huungana zenyewe kwa zenyewe, minyororo yake hurefuka, na baadhi huwa mizito kiasi cha kuzama. Hayo ndiyo mashapo unayoyaona kwenye chupa kongwe. Ndiyo maana mvinyo wa zamani huwa laini na rangi yake hufifia: sehemu ya ukali na ya rangi imekwenda kulala chini.

Harufu nazo hubadilika. Mvinyo mchanga hunukia matunda mabichi na maua; uliokomaa hunukia ngozi, tumbaku, majani makavu, uyoga, matunda yaliyokaushwa. Kitu kisichobadilika sana ni uchachu. Mvinyo uliozaliwa ukiwa mchachu kupita kiasi utakuwa mchachu baada ya miaka 20, na safari hiyo bila tunda la kuusitiri. Vivyo hivyo mvinyo wenye maji mengi na tunda dogo hauongezi chochote kwa kuwekwa. Mivinyo mingi myekundu duniani imetengenezwa inywewe ndani ya miaka michache. Beaujolais Nouveau, inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, haina sababu yoyote ya kusubiri, na anayeihifadhi miaka kumi anaharibu kinywaji kizuri cha msimu.

Kabla ya kuonja, weka glasi mbili juu ya karatasi nyeupe na uziinamishe zote kiasi kwamba mvinyo unafikia karibu na mdomo wa glasi. Tazama ukingo, pale unapokuwa mwembamba. Tempranillo changa, zabibu kuu ya Rioja, ni zambarau hadi ukingoni, na mstari wa rangi unakatika ghafla. Kwenye Gran Reserva katikati ni nyekundu ya komamanga, kisha rangi inafifia taratibu kuwa ya tofali, na pembezoni kabisa unaona ukanda mwembamba wa chungwa, karibu uwe kama maji. Ukanda huo ukiwa mpana na wa kahawia iliyofubaa, jiandae kwa mvinyo uliochoka.

Mkongwe kwanza

Desturi ya kuonja husema anza na mchanga, malizia na mkongwe. Kwa kuonja bila chakula, huku unatema, desturi hiyo ina mantiki. Kwenye chakula cha jioni tunaikataa. Mvinyo mchanga wenye tanini kali ukipita kwanza unakausha mdomo na kuacha harufu nzito za tunda. Ule mkongwe ukifuata unaonekana mwembamba, mchachu na usio na la kusema, hata kama ni chupa bora. Tena mkongwe unakuja wakati watu wameshashiba, kaakaa limechoka, na mazungumzo yamepanda sauti.

Kwa hiyo mimina uliokomaa kwanza, uonjwe wenyewe kwa dakika chache, kisha uje na nyama. Mchanga uingie kwenye sahani ya pili. Hauumizwi na chochote kilichotangulia. Mafuta ya kondoo yameshatandaa mdomoni na yanaupokea. Mwisho acheni glasi zote mbili mezani na kurudi kwenye ile ya kwanza. Kurudi huko ndiko kunakofundisha zaidi, kwa sababu mvinyo mkongwe hubadilika ndani ya glasi kila dakika kumi, ama kwa kufunguka ama kwa kuporomoka.

Hesabu ya vipimo ni hii. Chupa ya mililita 750 iliyo na mashapo hutoa takriban mililita 700 safi. Kwa watu sita kila mmoja anapata kama mililita 115. Igawe mara mbili, nusu kabla ya nyama na nusu pamoja nayo. Mchanga unagawika kwa watu sita mililita 125 kila mmoja. Glasi ziwe za umbo moja kwa mivinyo yote miwili, zenye shina, tumbo pana kuliko mdomo, za ujazo wa mililita 400 au zaidi, na zijazwe chini ya theluthi. Zinuse zikiwa tupu. Glasi iliyokaa kabatini ikiwa imepinduliwa hubeba harufu ya mbao na vumbi, na iliyooshwa kwa sabuni yenye manukato huua mvinyo kabla haujamiminwa. Suuza kwa maji moto, kausha kwa kitambaa safi cha pamba, kisha zungusha kijiko kimoja cha mvinyo ndani na ukimwage.

Chakula, na kwa nini ni hiki

Mpango mzima wa mlo umejengwa kwa kuuangalia mvinyo dhaifu, nao ni mkongwe. Mchanga unaweza kujitetea mbele ya karibu chochote isipokuwa pilipili na sukari. Mkongwe unataka chakula cha moto wa wastani, chenye chumvi ya kutosha, mafuta kiasi, na viungo vichache.

Bega la kondoo lenye mfupa, kilo 2, linatosha watu sita. Lipake gramu 20 za chumvi siku moja kabla na ulilaze kwenye friji bila kulifunika, ngozi ikauke. Siku yenyewe chomeka punje sita za kitunguu saumu kwenye nyama, weka matawi mawili ya rozimari chini yake, mimina mililita 300 za maji kwenye trei, funika kwa karatasi ya aluminiamu na uoke kwa nyuzi joto 150 kwa saa 4. Kisha funua, pandisha hadi nyuzi 200, na uache dakika 25 juu ipate rangi. Pumzisha nyama dakika 20 kabla ya kuikata. Maji ya kwenye trei yachuje, punguza mafuta yanayoelea lakini usiyamalize, chemsha hadi yabaki nusu. Onja kabla ya kufikiria chumvi, maana yanapokauka chumvi huongezeka yenyewe.

Usitie ndimu wala siki. Usitie asali. Na mchuzi wa mnanaa wenye siki na sukari, ambao wengi hawawezi kula kondoo bila huo, uache kwa siku nyingine: sukari hufanya mvinyo mkavu uonekane mchachu na mchungu, na siki huufubaza. Rozimari ikizidi matawi mawili, Gran Reserva yako itanukia rozimari na basi.

Uyoga ndio sehemu ya chakula inayokosewa zaidi. Gramu 500 zikatwe vipande vinene na zipikwe kwenye kikaango kipana, moto mkali, bila kurundikwa, hadi maji yatoke na kukauka, kama dakika 8. Hapo ndipo uongeze gramu 40 za siagi na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Uyoga una ladha nzito ya kimchuzi ambayo, ikikosa chumvi, huzidisha uchungu na ukakasi wa tanini. Jaribu mezani: kula kipande cha uyoga kisicho na chumvi, nywa mvinyo mchanga, kisha nyunyizia chumvi kipande cha pili, unywe tena. Ni mvinyo uleule, lakini mara ya pili uchungu umerudi nyuma na tunda limesogea mbele. Mtu akilalamika kwamba mvinyo ni mkali, mara nyingi dawa iko kwenye kichupa cha chumvi.

Viazi havina siri: kilo 1.2, siagi gramu 100, maziwa ya moto mililita 150, pondwa vikiwa bado vinatoa mvuke. Kazi yake ni kusafisha mdomo kati ya mivinyo, hivyo visitiwe kitunguu saumu wala jibini. Saladi, kama lazima iwepo, ije baada ya mvinyo kuisha. Pilipili kali isikaribie meza hii kabisa. Kilevi huongeza mwako wake, na mwako huo hufuta harufu zote laini ulizolipia.

Rioja

Faida kubwa ya Gran Reserva ni kwamba aliyeutengeneza amekuwekea mvinyo. Kanuni za eneo hilo la Uhispania zinadai angalau miaka 5 ya kukomaa kabla ya kuuzwa, miaka 2 kati yake ikiwa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225 hivi. Reserva ni miaka 3 na Crianza ni miaka 2, zote zikiwa na angalau mwaka 1 wa pipa. Huhitaji kusoma Kihispania kuzitambua, kwani nyuma ya chupa kuna stika ndogo ya bodi ya eneo: buluu ni Gran Reserva, nyekundu iliyokolea ni Reserva, nyekundu ya kawaida ni Crianza, na kijani ni mvinyo wa jumla, ambako ndiko utakapopata mchanga wako. Hatari ya kununua chupa iliyokaa miaka kwenye stoo ya joto haijaisha, lakini imepungua sana.

Kwa chupa kongwe tafuta yenye miaka 12 hadi 18 tangu mavuno. Mwaka 2010 na 2011 bodi iliyapa mavuno daraja lake la juu kabisa, na chupa nzuri za miaka hiyo zina nguvu ya kutosha. Kwenye glasi inanukia cheri iliyokauka, ngozi, tumbaku na vanila. Vanila hiyo, na wakati mwingine nazi, hutoka kwenye mwaloni wa Marekani ambao Rioja ya jadi imeupenda kwa muda mrefu. Hapa ndipo kasoro yake ilipo: pipa likizidi, mvinyo unanukia seremala zaidi ya shamba. Watengenezaji wanaochanganya mwaloni wa Ufaransa hupunguza tatizo hilo.

Pamoja na bega la kondoo Gran Reserva hii haina mpinzani katika jozi zote tatu kwa urahisi wake. Uchachu unakata mafuta, tanini zimeshalainika kiasi kwamba hazigombani na uyoga, na ladha ya kuokwa ya ngozi ya nyama inakutana na ile ya pipa. Mchanga wake ni wa furaha, wa stroberi na cheri nyeusi, na ukipoozwa hadi nyuzi joto 14 unapendeza hata zaidi. Lakini mbele ya nyama hii ni mfupi. Unasafisha mdomo na kuondoka. Mkongwe unashinda, bila ubishi.

Nebbiolo

Jozi hapa ni Langhe Nebbiolo ya miaka miwili au mitatu dhidi ya Barolo ya miaka 15 au zaidi. Zote ni zabibu moja na milima ileile. Barolo kwa sheria hukaa angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake kwenye mbao, na ikiwa Riserva ni miezi 62. Kikomo hicho ni mwanzo tu. Barolo ya miaka sita bado inaweza kukukausha mdomo hadi ukashindwa kuhisi nyama.

Tahadhari kwa wanaopima umri kwa rangi: Nebbiolo huzaliwa ikiwa na rangi nyepesi na huanza kuonyesha chungwa ukingoni mapema. Karatasi nyeupe itakudanganya. Amini mdomo. Mchanga una waridi mabichi, stroberi pori na ukakasi unaoshika fizi za mbele. Mkongwe una waridi makavu, lami, majani ya chai, uyoga wa msituni, na ukakasi uliobaki kama unga laini, haukuumi tena ila bado unauhisi. Tanini za Nebbiolo haziishi zote. Ukisubiri ziishe, tunda litatangulia.

Na hapa chakula kinafanya kazi kubwa kuliko kwenye jozi nyingine yoyote. Onja Langhe peke yake na utaona ni mkali. Kisha tafuna kipande cha nyama chenye mafuta yake, usimeze chote, na unywe huku kikiwa bado mdomoni. Tanini zinashika protini na mafuta ya nyama badala ya mate yako, ukakasi unayeyuka, na harufu ya waridi inapanda nyuma ya pua mahali ambapo sekunde tano zilizopita palikuwa na ukavu mtupu. Rudia bila nyama, ukavu unarudi. Wageni wasiojua chochote kuhusu mvinyo hulihisi hili papo hapo bila kuelezwa.

Barolo iliyokomaa na uyoga ndiyo ladha bora tuliyoiona kwenye meza hii yote. Lakini chupa hii ndiyo inayoangusha pia: ikihifadhiwa vibaya inakufa ikiwa na uchachu na ukavu tu, bila tunda, na hakuna chakula kitakachoiokoa. Mavuno ya 2010 yana mwili wa kutosha kwa meza hii. Ya 2016 ni mazuri sana ila mengi yanafaa kuachwa zaidi. Yape saa moja au mbili za hewa. Nebbiolo ni mojawapo ya zabibu chache ambazo hata uzeeni huhitaji kupumua.

Bordeaux

Upande wa Médoc, sehemu ya Bordeaux ambako Cabernet Sauvignon hutawala, mvinyo mchanga ni mweusi, wa cassis (tunda dogo jeusi), kalamu ya risasi na mwerezi, wenye tanini nyingi na zilizonyooka. Na kondoo unafanya kazi vizuri sana. Kwa kweli katika jozi hii mchanga ulioachwa kwenye jagi saa 2 mara nyingi unashinda ule wa miaka minane au tisa, ambao umejifunga: harufu kidogo, tunda limerudi ndani, tanini bado zipo. Hicho ni kipindi kinachojulikana na wahifadhi wengi, na hakina tiba ila muda.

Ukitaka kongwe inayoongea, acha mavuno yenye sifa kubwa kama 2005 na 2010, kwa kuwa yalijengwa kwa safari ndefu, na utafute miaka ya wastani kama 2004 na 2008 kutoka kwa mtengenezaji makini. Mvinyo wa mwaka wa wastani hukomaa mapema, na mezani unapendeza kuliko jina kubwa lililofungwa. Ng'ambo ya pili ya mto, Pomerol na Saint-Émilion, Merlot ndiyo nyingi na kwa kawaida hulainika mapema zaidi. Hapo chupa ya miaka 12 inaweza kuwa tayari. Ila kumbuka Merlot iliyokomaa na uyoga hukubaliana kuliko na ngozi ya nyama iliyoungua ungua.

Kuishika chupa kongwe

Isimamishe siku 2 kabla, mahali penye ubaridi na giza, mashapo yashuke. Itazame kabla ya kuinunua: kiwango cha mvinyo kiwe ndani ya shingo kwa chupa ya chini ya miaka 20. Kikiwa kimeshuka hadi katikati ya bega la chupa, hewa imeingia. Kizibo kilichosukumwa juu ya mdomo, au michirizi iliyokauka chini ya kifuniko, ni dalili ya joto.

Kata kifuniko chini ya ukingo wa mdomo, si juu yake, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa kizibo cha zaidi ya miaka 20 skrubu ya kawaida hutoboa katikati na kuacha kingo zimeganda. Kizibuo cha meno mawili ni salama zaidi: ingiza jino refu kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha fupi, yumbisha kushoto na kulia hadi yote yazame, halafu zungusha huku ukivuta polepole. Ukisukuma kwa nguvu wima, kizibo kitatumbukia. Kikivunjika, usihangaike kukichokoa. Chuja mvinyo kwa chujio safi la chuma lenye matundu madogo.

Kuhamisha mvinyo kwenye jagi kunahitaji mkono mmoja usiosita. Weka mshumaa au tochi ya simu chini ya shingo ya chupa, mimina mfululizo bila kurudisha chupa wima, na uache mara tu utepe wa mashapo unapofika begani. Ukisimama katikati na kuanza tena, mashapo yote yanavurugika na kazi ya siku mbili imekwenda. Kongwe iingie kwenye jagi jembamba nusu saa kabla ya kula, isizidi, isipokuwa Barolo. Mchanga uingie kwenye jagi pana saa 2 kabla, na huu unaweza kuumwaga kwa fujo, unafaidika.

Joto: nyuzi 16 hadi 18 kwa yote miwili, isipokuwa Rioja changa inayopendeza kwa 14. "Joto la chumba" lisikupoteze; chumba cha nyuzi 26 kinafanya kilevi kitangulie harufu. Nusu saa hadi dakika 40 kwenye friji, kisha thibitisha kwa kipimajoto cha jikoni. Anza chini kidogo, kwa maana glasi hupata joto haraka mkononi.

Ikinuka vibaya

Harufu ya boksi lililoloa maji au stoo yenye ukungu ni ugonjwa wa kizibo. Hewa haiutibu, unazidi kadiri muda unavyokwenda, na haijalishi chupa ni ya mwaka gani. Rudisha chupa dukani ikiwa bado na mvinyo mwingi ndani. Harufu ya kiberiti kilichowashwa ni jambo jingine na hutoweka baada ya kuzungusha glasi kwa dakika chache, kwa hiyo usihukumu haraka. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha maana yake ni asidi tete imezidi. Harufu ya zizi la farasi au plasta ya kidonda hutoka kwa hamira ya Brettanomyces. Kidogo wengine huipenda kwenye mvinyo mkongwe, nyingi hufunika tunda, na sisi tuko upande wa wasioitaka. Tofaa lililopondeka na rangi ya kahawia isiyong'aa humaanisha oksijeni imemaliza kazi. Chupa ya akiba, changa, iwe tayari kila unapofungua kongwe.

Mkongwe umalizwe usiku huohuo. Asubuhi hautakuwa na harufu. Mchanga ukirudishiwa kizibo na kuwekwa kwenye friji unadumu siku 2 au 3, na Langhe Nebbiolo hasa huwa laini zaidi siku ya pili, pamoja na kondoo baridi aliyekatwa vipande vyembamba na kutiwa chumvi. Kile kikombe cha mwisho chenye mashapo usikitie kwenye mchuzi: ni kichungu, na uchungu huo hauondoki kwa kuchemsha.